Mashine Isiyo na Mpini

Jumapili, 3 Machi

Kaka,

Shikamoo. Barua hii itakufikia Jumanne, gari la vyakula likipanda huko kambini kwenu kusikoshika simu. Ukimaliza kuisoma, kaa chini hapohapo unijibu, dereva arudi na jibu mkononi. Usiniambie ujenzi wa bwawa haungoji. Na mimi singoji.

Nataka kununua mashine ya espreso ya nyumbani, ile ya otomatiki, unabonyeza na kahawa inashuka. Najua umeshaanza kucheka. Mshona sare za shule, chumba na sebule, paa linavuja juu ya kabati, eti anataka espreso. Cheka umalize, halafu usome.

Mama anatoka. Sikukuambia kwa sababu nilidhani itapita. Kila alfajiri anaamka kabla yangu, anavaa, anafunga aproni yake ya zamani, ya kijani, na anakwenda kazini. Kazini wapi? Palepale stesheni, kwenye ule mkahawa alikopika kahawa tukiwa wadogo. Mkahawa umekufa zamani, sasa ni duka la simu. Anafika, anasimama mbele ya kaunta ya vioo, na yule dada muuza simu anampa kiti na kunipigia. Mara ya kwanza nilicheka. Wiki iliyopita dereva wa lori la mchanga alimvuta mkono katikati ya barabara kuu. Nilipowafikia, dereva huyo alinifokea mbele ya watu kwamba sina adabu kwa mzazi wangu.

Wifi wa jirani yetu, yule nesi, ndiye aliyenipa wazo. Kama mgonjwa anataka kwenda kazini, amesema, mletee kazi nyumbani. Nikawaza: nikiweka mashine ya kahawa pale sebuleni, Mama ataamka, ataikuta, ataanza kazi, na hatavuka barabara. Ni hilo tu, sina wazo lingine. Nimebakiza hilo moja.

Ila mimi najua cherehani, sijui mashine za kahawa. Wewe ndiye fundi mitambo. Niambie ninunue ipi, isiyo ghali, isiyoharibika, na isiyoweza kumchoma. Mikono yake inatetemeka sasa.

Jambo dogo la mwisho. Akifika pale dukani husema maneno yaleyale kila siku. Anasema, "Ni mimi. Mtoto hayumo." Ukimuuliza mtoto gani, anakaza midomo. Wewe unaelewa chochote?

Mdogo wako,
Bi Sindano


Jumanne, 5 Machi

Bi Sindano wangu,

Marahaba. Dereva amezima injini ananitazama, kwa hiyo naandika mbiombio na mwandiko utausamehe.

Wazo ni zuri. Nesi ana akili. Sasa nisikilize vizuri, maana wauzaji wa hizi mashine wanajua kupamba maneno.

Ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ile yenye mpini, kama ya mkahawani kwa Mama: unasaga kahawa kando, unaijaza kwenye kikombe cha chuma chenye mpini, unashindilia, unakaza mpini kwenye mashine, unafungulia maji ya moto. Hiyo ni rahisi kwa bei na watakusukumia. Usiitazame hata kidogo. Nakuambia tena, yenye mpini usiilete ndani ya nyumba ile. Mvuke utamchoma.

Ya pili ndiyo unayoitaka. Buni inamiminwa juu, kinu kimo ndani, inasaga, inashindilia, inakamua na kutupa machicha kwenye droo yake yenyewe. Mtu anaweka kikombe na kubonyeza. Katika hizo usihangaike na zenye kioo cha rangi na aina kumi na mbili za vinywaji. Kinachokuhusu ni vitu vitatu. Kile kifaa cha ndani kinachokamua kahawa kiwe kinatoka, ukioshe kwa maji ya bomba, la sivyo kitaota ukungu. Tangi la maji liwe linavutwa kwa mbele, Mama asiinue kitu kizito. Na vitufe viwe vya kubonyeza kabisa, vyenye mlio, si vya kugusa kioo. Uliza pia kama wanayo iliyokuwa ya maonyesho dukani, imekwaruzwa kidogo. Hizo hushushwa bei na ndani ni nzima. Maji ya bomba lenu yana chumvi nyingi, chemsha kwanza na uchuje, usije kunililia baada ya miezi mitatu kwamba imeziba.

Nusu ya bei ni yangu. Dereva anayo bahasha.

Kuhusu yale maneno ya Mama, usiyatie maanani. Wazee husema mengi.

Kaka yako,
Bwana Spana


Jumamosi, 16 Machi

Kaka,

Shikamoo. Imefika! Iko mezani, nyeusi, imekaa kama bosi.

Nimezunguka maduka manne, unajua miguu yangu. Duka la kwanza yule kijana aliniambia mashine yake inaongea na simu. Nikamwambia mimi nataka inayoongea na mama yangu. La pili walikuwa nazo za vidonge vya kahawa, kila kikombe na kidonge chake cha kutupwa. Bei ya mashine nafuu, lakini nilipouliza bei ya vidonge nikarudisha boksi taratibu kama nimeshika yai. La tatu ndiko nilikotaka kukusaliti. Walikuwa na yenye mpini, mpini mzuri wa mbao, bei theluthi ya hizi nyingine. Nilisimama pale nikauona mkono wa Mama kabisa, akigonga mpini mara mbili kwenye pipa kumwaga machicha, ko, ko, kama alivyokuwa akifanya tukimngoja baada ya shule. Unajua mpaka leo anagonga kijiko cha chai mara mbili? Nusura niinunue. Lakini nilikumbuka ulivyonikataza mara mbili, nikatii.

Ya kwetu nimeipata duka la nne, ya maonyesho, imekwaruzwa ubavuni. Kifaa cha ndani kinatoka, tangi linavutwa mbele, vitufe vinalia. Kinu kinapiga kelele kama cherehani yangu ya kwanza. Nimejaribu Mama akiwa amelala mchana, na kahawa imetoka nzuri hadi nikaona aibu.

Kesho asubuhi atakapoamka ataikuta. Nimempigia pasi aproni. Sijawahi kuomba dua kwa ajili ya mashine, lakini leo nimeomba.

Bi Sindano


Jumatatu, 18 Machi

Kaka,

Barua hii na ile ya juzi zitapanda gari moja. Isome ile kwanza uone nilivyokuwa mjinga.

Jana Mama aliamka akaiona. Alisimama mbele yake muda mrefu, nikamwona akitabasamu. Akaipapasa kifuani, akapapasa ubavuni, akainama akachungulia chini. Kisha akageuka kunitazama, na ule uso sijawahi kuuona. Akaniuliza, "Mpini uko wapi?" Nikamwambia, Mama, hii haina mpini, unabonyeza tu, tazama. Nikabonyeza. Akapiga kelele. "Mpini umeibiwa! Mpini umeibiwa, watakuja!" Alivuta droo zote za nyumba. Alipekua hadi mfuko wa vitambaa vyangu.

Sasa nikuambie nililokuficha. Nikienda kazini huwa namfungia mlango kwa nje. Kwa kufuli, Kaka. Mama yetu. Ni mwezi sasa. Niliona aibu kukuandikia, nikakuacha udhani anakaa na jirani.

Leo nilimfungia nikaenda, kwa sababu msimamizi amenipa barua ya pili ya kuchelewa na ya tatu ndiyo ya kunifukuza. Mama alipitia dirishani. Ameanguka juu ya ndoo. Mkono wa kulia umevunjika juu ya kifundo, na akiwa na mkono uliovunjika alitembea mpaka stesheni. Muuza simu anasema alifika akiwa ameushika huo mkono kama mtoto mchanga, akasimama wima mbele ya kaunta, akasema, "Ni mimi. Mtoto hayumo."

Wameufunga plasta. Nesi amenitafutia nafasi kwenye nyumba ya wazee, ile yenye geti na mlinzi. Wanaishikilia mpaka Ijumaa ya tarehe tano Aprili. Nimeitembelea. Vitanda kumi na vinane chumba kimoja, na bibi mmoja alinishika sketi akaniita kwa jina la mwanawe na hakuniachia mpaka wakaja kumbandua vidole.

Niambie cha kufanya. Kesho gari likifika, niambie.

Dada yako


Jumapili, 24 Machi

Kaka,

Gari limerudi bila barua yako. Nilimuuliza dereva kama unaumwa. Akasema hapana, alikupa barua mbili, ukazisoma umesimama, ukaenda zako karakana na hukurudi.

Sikulaumu. Nimelaumu watu wote na nimechoka, sasa nimebaki mimi mwenyewe. Sikiliza nilichofikia. Mtoto anayesemwa ni mimi. Nani mwingine? Nilikuwa na miaka kumi Mama alipoachishwa kazi, na baada ya shule nilikuwa nashinda pale mkahawani chini ya meza. Tuliambiwa wamepunguza watu. Sasa naamini haikuwa hivyo. Nilifanya kitu. Labda nilicheza na mpini nikaupoteza, Mama akabeba lawama yangu, na mimi nimesahau. Tangu Jumatatu sifanyi lingine ila kutafuta kichwani. Nikiwa kwenye cherehani natafuta, nikimlisha natafuta. Jana nilipiga magoti mbele yake nikamwambia, Mama, kama ni mimi nisamehe. Alinipangusa machozi kwa plasta.

Alifua nguo za watu miaka kumi na sita kwa sababu yangu, Kaka. Na mimi nikamfungia kufuli.

Unajibu au hujibu?

Dada yako


Jumanne, 26 Machi

Mdogo wangu,

Si wewe. Kabla hujasoma neno jingine, inuka ukamwambie Mama unajua si wewe, halafu urudi usome.

Ni mimi.

Mpini ulikuwa na mbao iliyopasuka, wameifunga kwa utepe wa umeme, na ulikuwa unamuunguza kiganja. Utakumbuka lile kovu chini ya kidole gumba. Tajiri mwenye mkahawa alikuwa hataki kununua mwingine. Nilikuwa na miaka kumi na minane na barua yangu ya chuo cha ufundi ilikuwa imefika, niondoke Jumanne. Jumamosi jioni nilipokwenda kumchukua Mama, niliuchomoa mpini nikautia kwenye begi. Nilitaka kumchongea mbao mpya kwa seremala wa jirani, mbao ngumu, laini mkononi, niurudishe Jumatatu asubuhi kabla hawajafungua. Mama aliniona begi limevimba. Nikamwambia, "Usiulize. Jumatatu utanishukuru." Akacheka.

Mbao ilipasuka mara mbili. Jumatatu nikachelewa. Nilipofika mlango wa nyuma nilimkuta Mama amesimama mbele ya kaunta na tajiri anapiga meza. Alikuwa anasema anaijua familia yetu, kijana ndiye aliyeonekana Jumamosi, na ataandika chuoni wajue wanampokea mwizi. Mama akasema, "Ni mimi. Mtoto hayumo." Alisema mara tatu. Nilikuwa nyuma ya mlango na mpini begini. Ningepiga hatua nne tu. Sikupiga. Nilirudi nyumbani nikafunga nguo, na Jumanne nikaondoka.

Hakuniuliza kamwe. Kila nilipokuja likizo alinipikia akaniuliza kama chuoni nashiba.

Kwa hiyo unaelewa kwa nini nilikukataza mashine yenye mpini. Si mvuke. Mashine za nyumbani hata hazina mvuke wa kutisha hivyo. Sikuweza kufikiria Mama akiwa ameshika mpini mwingine. Nilikuchagulia mashine kwa ajili yangu, si kwa ajili yake, na nikamwekea sebuleni kitu ambacho kila asubuhi kinamwambia mpini umepotea. Mimi ni fundi wa miaka ishirini na mitano na sijawahi kufunga mtambo vibaya kiasi hiki.

Mpini ninao. Umekaa chini ya sanduku langu la spana kila kambi niliyofanya kazi. Juma lililopita nilijifungia karakana nikauchongea ile mbao. Safari hii haikupasuka. Dereva anakuletea kwenye gunia. Sijui utafaa nini. Kwenye mashine yenu hauna pa kuingia.

Nimeomba ruhusa, watanijibu mwisho wa mwezi ujao. Usinijibu kama hutaki.

Kaka yako


Jumatano, 27 Machi

Nimesoma.

Siandiki shikamoo kwa sababu leo siwezi. Wiki nzima nilijitafuta kama mwizi ndani ya kichwa changu mwenyewe, na wewe ulikuwa unajua tangu barua yangu ya kwanza. "Usiyatie maanani." Uliandika hivyo kwa mkono wako.

Gunia limefika. Nimelisukuma uvunguni bila kulifungua. Sitampa. Kama mashine isiyo na mpini ilimtoa dirishani, mpini wenyewe utamtoa wapi? Mkono mmoja umebaki mzima.

Ile nyumba yenye geti ni Ijumaa ya wiki ijayo. Nimeshafunga nguo zake.


Jumanne, 2 Aprili

Mdogo wangu,

Nitukane nikija, nitasimama nikusikilize mpaka uchoke.

Lakini umpe. Miaka yote mimi ndiye niliyemfichia, sasa usiwe wewe. Mama hatafuti mpini auweke kwenye mashine. Anataka jambo liishe. Kila asubuhi anaamka ni Jumatatu ileile, na anakwenda kuniokoa tena. Umpe, halafu umwache aende nao, ila safari hii usimfukuze njiani. Shika mkono wake mzima mwende pamoja.

Nakuomba. Kabla ya Ijumaa.

Kaka yako


Jumapili, 7 Aprili

Kaka,

Shikamoo.

Alhamisi alfajiri nilimkuta Mama ameshafunga aproni kwa mkono mmoja, anavuta kitasa. Nilipiga magoti nikavuta gunia. Kusema kweli nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Aliupokea mpini akaupima uzito, akapitisha kidole gumba ndani ya kile kikombe cha chuma kutazama kama ni kisafi. Akasema, "Twende, nimechelewa." Tukaenda.

Sijawahi kutembea naye njia ile. Siku zote nilikuwa namkimbilia. Kumbe anasimama kila kona na kutazama pande zote mbili, ila anatazama barabara ya zamani, iliyokuwa na gari moja kwa saa. Tulivuka tumeshikana.

Muuza simu alikuwa anafungua. Nilikuwa nimemweleza Jumatano kwa simu, kwa kifupi, nikilia. Mama akauweka mpini juu ya kioo, katikati ya simu zote zile. Akasema, "Ni huu. Mtoto hayumo." Yule dada, Mungu ampe kheri, hakucheka wala hakumwonea huruma. Alitoa kitabu chake cha risiti, akauliza, "Mama, niandike nini?" Mama akamsomea kama karani: mpini mmoja, umerudi, mzima. Akaandika. Mama akasema, "Andika na mtoto." Akaandika: mtoto hayumo. Akagonga muhuri wa duka la simu, akachana karatasi akampa. Kisha akausukuma mpini kwetu. "Na huu kaa nao wewe, Mama. Mpishi wa kahawa ni wewe."

Mama aliikunja karatasi ile mara nne akaitia kwenye mfuko wa aproni. Pale barabarani nilikaa ukingoni mwa mtaro nikalia, na Mama alisimama juu yangu akinipigapiga mgongo kwa plasta, akiwaambia wapita njia kwamba mimi ni mchovu tu, nashona sana.

Nyumba ya wazee nimewaambia wampe mwingine. Sikudanganyi kwamba amepona. Ijumaa alivaa tena akashika kitasa. Nikamwambia tazama mfukoni. Akasoma, akavua aproni, akarudi kitandani. Leo hakuvaa kabisa. Kufuli nimelitupa chooni. Nitakufa na wasiwasi, na msimamizi wangu bado ananitazama kwa jicho baya, lakini dirisha liko wazi na Mama yumo ndani.

Lililobaki ni hili. Tuliporudi Alhamisi alikaa mbele ya mashine, mpini mapajani. Nikamwekea kikombe. Akabonyeza mwenyewe, na kinu kilipoanza kupiga kelele akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia kazi inafanywa ovyo. Akanywa. Miaka yote ile, Kaka, sikumbuki kumwona akinywa kahawa, alikuwa anawapa watu tu. Akasema ni nyepesi. Kisha akaanza kuipapasa ile mbao, mbele na nyuma, na kuinusa.

"Nani amechonga hii?"

"Mwanao," nikamwambia.

Akaigonga mara mbili ukingoni mwa meza, ko, ko.

"Leo ni siku gani?"

Ilikuwa Alhamisi. Nilimtazama kile kiganja chenye kovu, kimeifumbata ile mbao ikaenea sawasawa, nikamwambia ni Jumatatu.

"Basi hajachelewa," akasema Mama.

Bi Sindano